Mbuzi Watatu na Pikapu Niliyoiuza

"Gari ya mzee iko wapi?" Mamake Mwende (Mwende ndiye mwanamke ambaye kaka yangu Kyalo alitaka kumwoa) aliniuliza hivyo langoni kwake Kikima, mbele ya wageni wote, nami nimeshika kamba ya mbuzi, gauni langu limelowa mkojo wake. Hata leo naona haya kusimulia.

Kosa lilikuwa langu. Mimi siamini kitu mpaka nikipigie hesabu, na nilipotoka Kitui kazini kuja nyumbani Mbumbuni, nilimwonyesha baba kwenye daftari jinsi pikapu yake inavyotumaliza: bima, mafuta, magurudumu, fundi, hata zile taa mbili alizovunja kwenye lango letu wenyewe (hizo nilizipigia mstari). Nikamwambia mimi Kitui huita teksi kwa simu, nalipia safari yangu tu. Baba, ambaye hajawahi kukubaliana nami juu ya chochote, hata juu ya Mungu, alilishika daftari karibu na uso, akasema, "Wewe umesoma, mama. Uza." (Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mamake.) Wiki hiyo hiyo nikauza, nikijivuna.

Ikafika siku ya kupeleka ntheo ya Kyalo, yaani mbuzi watatu, ambao bila wao kwetu Wakamba huna mke, hata mkiwa na mtoto tayari kama yeye na Mwende. Asubuhi nikaita teksi. Kiduara kikazunguka kwenye simu, kikazunguka, kisha ikasema hakuna gari karibu. Nikampigia dereva ninayemjua Kitui, akacheka: "Mbuzi? Dada, hiyo kiti ni ya kitambaa." Pikapu ya pekee iliyobaki sokoni ilikuwa imekodishwa kwa mazishi. Basi saa sita tukapanda boda boda tatu, mimi, baba na Kyalo, kila mmoja na mbuzi mapajani, baba amevaa suti yake ya kanisani, na kwenye mlima wa Mbooni beberu wa Kyalo akajinasua, akaingia vichakani, tukamtafuta mpaka tukakata tamaa.

Tulifika saa kumi na mbuzi wawili. Mjomba wa Mwende akawatazama, akamtazama baba aliyejaa vumbi jekundu hadi kwenye nyusi.

"Wawili ni wa kupeleka soko," akasema. "Rudini mkiwa tayari."

Chakula kilichopikwa tangu alfajiri kikagawiwa majirani. Mwende alibaki mlangoni na mtoto mgongoni, hakuna aliyemwita. Kyalo hakunisemesha mwezi mzima. Baba alimwambia neno moja tu njiani: "Mwache, ni mimi nilimwambia auze."

Tangu hapo sijampigia mtu hesabu ya kitu chake, na sitarudia. Lakini ilipita miaka mitatu kabla sijaiona kadi ya kliniki kabatini mwa baba: daktari wa macho alikuwa amemkataza kuendesha gari miezi miwili kabla sijafungua lile daftari.