Malka ya Upande wa Kushoto

Asubuhi ile niliondoka Madogo bila mpango, kama nilivyoondoka miji mingi. Nilipata lori tupu lililokuwa likishuka Garsen kupakia matikiti. Dereva aliponiuliza nashukia wapi, nikamwambia nitajua tukifika. Hatujafika Hola simu ikalia. Sauti nisiyoijua ikasema, "Wewe ndiye mwandishi? Kocha ametutoka. Tunamzika kesho Jumamosi, kwao, kule Minjila." Ikakatika. Dereva, aliyesikia kila neno, akasema, "Basi umeshajua unashukia wapi."

Wasomaji wa siku nyingi wanamkumbuka, ingawa sikuwahi kumtaja jina. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtoto wa wakulima wa ukingoni mwa mto, aliyeifundisha timu ya mpira ya Garsen tangu ilipokuwa ikicheza pekupeku. Nilikutana naye misimu mitatu iliyopita, wiki za kuchuja wachezaji. Nilikuwa nimekaa kando ya uwanja nikitazama tu, akanijia. "Una shamba hapa?" Nikasema sina. "Ng'ombe?" Hata mbuzi. "Basi usiondoke. Wewe ndiye ninayekutafuta." Kila aliyempa ushauri, alinieleza baadaye, alikuwa na mpwa ndani ya uwanja.

Siku nne tulikaa pamoja tukitathmini kikosi. Nami, niliyeacha shule darasa la saba, nilijitahidi nimpendeze mwalimu: nikaandika nani ana mbio, nani ana shuti, nani anaruka. Alisoma karatasi yangu akanirudishia. "Umeandika kila mtu ana nini. Hujaandika nani anampa nani." Akafungua daftari lake. Mbele ya kila jina hakukuwa na alama, bali majina mengine: wale ambao mchezaji huyo huwapa mpira. Nilitazama tena kwa macho hayo nikaingiwa na hofu. Watoto wa wakulima walikuwa wakipasiana wenyewe kwa wenyewe, na watoto wa wafugaji vivyo hivyo. Mpira ulivuka kutoka huku kwenda kule pale tu mtu alipokosea. Jezi zilikuwa za rangi moja, lakini timu zilikuwa mbili.

Kwa wasioijua Tana, malka ni ile njia inayoachwa katikati ya mashamba ili ng'ombe wafike mtoni kunywa. Mvua zikikosekana, na mtu akawa amepanda mahindi ndani ya malka, maneno huanzia hapo, na yanakoishia wenyeji wanakujua. Ndiyo maana kocha alipompigia kelele beki wa kushoto, "Fungua malka!" uwanja mzima ulisimama. Alitaka tu aingie ndani kidogo, amwachie winga njia ya pembeni. Lakini beki yule, ambaye mahindi ya baba yake yalikuwa yameliwa na ng'ombe mwezi uleule, aliukanyaga mpira.

"Kocha, malka tena? Hata hapa?"

Winga, mtoto wa wafugaji, akacheka kicheko kisicho na furaha. "Mwache, kocha. Hao wamezoea kupanda njiani."

Nilidhani ngumi zitafuata. Kocha alitembea polepole hadi kwenye mstari, akainama, akaokota mwiba wa mti wa mathenge kama alivyofanya kila siku ili mpira usitoboke. Akauonyesha. "Malka ya hapa hailimwi wala hailishwi. Goli ndilo mto. Ukiifunga njia hii, sote tutakufa kiu huku tunayaona maji." Beki akasogea ndani hatua tatu, akautoa mpira, na winga akakimbia.

Sisemi wakawa marafiki. Nasema kwamba kufikia mwisho wa msimu walijuana hata wakiwa wamefumba macho, beki akawa kapteni, na timu ikapanda hadi ligi ambayo wachezaji wake hulipwa mshahara. Hata akina mama wa sokoni, mtu akiwazibia mlango, walimwambia, "Fungua malka, baba!"

Sasa niseme kosa langu. Kabla ya msimu huu kuanza nilipita Garsen siku mbili, nikatazama mazoezi mara moja, nikaandika katika safu hiihii tathmini ya kikosi. Niliipenda sana makala ile. Nilimsifu kipa, nikawakosoa viungo, na juu ya kapteni nikaandika kwamba miguu yake imeisha, kwa kuwa beki mpya aliyeletwa na kamati ya timu alimshinda katika kila mbio. Kocha alinipigia simu. "Nimesoma. Umeandika vizuri. Umeangalia miguu." Nami nikadhani nimesifiwa.

Mwenyekiti wa kamati alikata kipande kile cha gazeti akakiweka mezani mbele ya kocha. "Hata mwandishi ameliona, na yeye hana upande hapa." Kule kutokuwa na kwetu, ambako kocha alikutumia kuunganisha watu, kukawa panga mkononi mwa mwingine. Kapteni akaachwa. Yule mpya alikimbia kweli, lakini hakusogea ndani hata siku moja. Wala haikuwa chuki. Hakuwa akimwona mwenzake. Winga akakaa mechi nzima za kirafiki bila mpira, kisha akaacha kuja. Aliporudi alikuja na wenzake, na mpira wao, wakafanya mazoezi upande wa pili wa uwanja. Mwezi haukwisha, kukawa na makundi mawili yaliyopeana mgongo, na katikati yao mzee mmoja anayekohoa, akienda huku na kule.

Alinipigia mara ya mwisho akiwa kitandani. "Njoo uwatazame tena kabla orodha ya wachezaji haijapelekwa. Usajili unafungwa Jumatatu ya wiki ya pili kutoka leo." Nikasema nitakuja wiki ijayo. Mimi ambaye huenda popote, siku yoyote, bila mpango, siku moja niliyongojwa ndiyo nilikuwa na mipango.

Njia nzima kutoka Hola niliwaza jinsi tunavyowapima watu. Ofisi ikitaka kupunguza wafanyakazi huuliza huyu amefanya nini, na ni mara chache huuliza ni nani ameweza kufanya kazi kwa sababu huyu yupo. Wahenga walisema gogo haliendi ila kwa nyenzo, na sisi tumekalia kupima magogo. Mtu ambaye kazi yake ni kusogea hatua tatu haonekani katika hesabu yoyote. Huonekana siku anapoondolewa, na siku hiyo wenye hesabu wameshakwenda nyumbani.

Minjila nimepita mara nyingi, sijawahi kulala. Jua lilikuwa bado juu nilipopata gesti nyuma ya wanaoziba magurudumu. Waombolezaji walikuwa wameijaza. Kilibaki kitanda kimoja katika chumba cha watu wawili. Kwenye kitanda cha pili alikuwa ameketi yule winga, miguu ina udongo hadi magotini.

"Budaa, si ni wewe ulimwandika kapteni?"

"Ni mimi."

"Kocha alikuwa anauliza kila jioni, yule mzururaji amefika? Tunamwambia bado. Anasema, huyo hufika, lakini hufika ameshachelewa." Akatabasamu kidogo, kisha akatoa daftari la kocha chini ya mto wake. Mke wa marehemu alimpa anipe.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na orodha ya msimu, majina ishirini na manne. Nafasi ya namba tatu, ya beki wa kushoto, ilikuwa wazi. Pembeni, kwa mwandiko wa ubaoni, aliandika: Aliyemtoa amrudishe.

Nikauliza kapteni yuko wapi.

"Bado kaburini, anasawazisha. Tumechimba tangu asubuhi, wa kwao na wa kwetu. Shimo ni jembamba, watu wawili hawatoshi. Nikishuka, yeye anapanda, ananiachia nafasi. Hatujaongea." Akayatazama magoti yake. "Sasa utaandika?"

"Kamati watanisikiliza?"

"Walikusikiliza ulipokosea."

Ndiyo maana naandika haya nikiwa nimekaa kwenye kitanda hiki, ili yatoke kesho kutwa, Jumapili. Nilikosea. Nilipima miguu, nikaacha kutazama nani anampa nani. Jina la kapteni nimeliandika kwa kalamu kwenye namba tatu. Hapa silitaji, lakini Garsen nzima inalijua. Kamati ina hadi Jumatatu kulifuta, na huenda ikalifuta. Ikifanya hivyo, ijue inafuta nini. Nami, kabla sijamwandika mtu mwingine kwamba ameisha, nitauliza kwanza ni nani atabaki na kiu akiondoka.

Chumba ni kidogo, vitanda vyetu vilikuwa vimeziba mlango. Winga amesimama sasa hivi, bila kuombwa, akakisogeza cha kwake hadi ukutani ili nipate pa kupita.