Paja la Kushoto la Bwambale

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya Bwera, mpakani, nilifika na shahada ndani ya bahasha ya plastiki na koti jeupe ambalo mama alikuwa amelipiga pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Nilikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo, na nilitaka kila mtu ajue. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama mchuuzi kutoka ng'ambo ya mpaka, bega linamsumbua. Nilimketisha, nikafungua daftari, nikamhoji robo saa nzima. Alijibu kila swali kwa upole, na kwa majibu yake bega halikuwa na tatizo lolote.

Sista Mkuu, aliyekuwa msimamizi wangu, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Alikuja, akaweka vidole viwili begani, na yule mama akaruka kitini.

"Dokita wa karatasi," Sista Mkuu aliniambia, "watu ya hapa beko na heshima. Ukiwauliza kama inauma, watakujibu ile unataka kusikia. Shika kwanza. Utauliza nyuma."

Niliyaandika maneno hayo daftarini, nikayapigia mstari kwa wino mwekundu. Nilikuwa hodari sana wa kupiga mistari.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mna mashine za kupiga picha za misuli na simu za kumrekodi mgonjwa akitembea. Sisi tulikuwa na kitanda cha mbao, mafuta ya kukandia, na barafu tuliyoiomba kwa wauza samaki. Kifaa cha maana kilikuwa kidole gumba. Kwa kidole gumba unajua msuli uliokaza na msuli uliochanika: uliokaza ni kama kamba, uliochanika una shimo dogo, na mgonjwa hushusha pumzi ukilifikia.

Kutoka Bwera nilihamia Mweya, kuhudumia waongoza wageni ambao migongo yao ilikuwa imepondwa na magari ya mbugani. Meneja wa Utumishi wa huko aliamini kwamba mgongo unaouma Jumatatu tu si mgongo. Nilibishana naye miaka minne. Kuhusu wafanyakazi wawili alikuwa sahihi, na hilo sikuwahi kumwambia.

Mwishowe nilikodi chumba cha kutibia Kasese mjini, na hapo ndipo nilipoingia kwenye besiboli. Kwa asiyeujua mchezo huu: mrushaji husimama juu ya kilima kidogo na kumrushia mpira mtu mwenye gongo, kwa nguvu na kwa hila, ili asiupige. Kilima chetu tulikijenga kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu hakuna udongo mwingine unaoshikamana vizuri hivyo. Jua la Kasese lilikikausha kikawa kigumu kama sakafu.

Msimamizi wa timu tulimwita Afande. Alikuwa ameacha jeshi zamani, lakini jeshi lilikuwa halijamwacha. Mazoezi yalianza kwa filimbi na kuishia kwa filimbi, na mchezaji aliyechelewa alipiga pushapu mbele ya wasichana waliokuwa wakirudi sokoni.

Mrushaji wetu alikuwa Bwambale, kijana wa miaka ishirini na mmoja kutoka Kyondo, juu mlimani. Alikulia kwenye migomba na kahawa ya mama yake, na nadhani mkono ule aliupata kwa kuwatupia nyani mawe. Alikuwa na adabu ya kizamani. Kila nilipofika uwanjani alikuja mbio, akainama mpaka mikono ikagusa magoti, akanisalimu, kisha akauokota mkoba wangu wa dawa chini na kuupeleka kwenye benchi. Wenzake walimwita bibi harusi. Aliendelea kuinama.

Wiki tatu kabla ya michezo ya mtoano, Bwambale alikimbilia mpira mfupi, akashika nyuma ya paja la kushoto, akasimama. Nilishika. Nakumbuka nilishika, kwa sababu ilikuwa mara ya mwisho. Shimo dogo lilikuwepo, katikati ya paja. Mchaniko wa daraja la pili, yaani nyuzi kadhaa zimekatika lakini msuli haujaachana. Kwa mchaniko kama huo wiki nne ni haraka, sita ni busara.

Kwa mrushaji wa mkono wa kulia, mguu wa kushoto ndio breki. Mwili mzima huporomoka kutoka kilimani na kuuangukia mguu huo mmoja, na msuli wa nyuma ya paja ndio unaousimamisha. Nilimweleza Afande yote haya, kwa mifano.

"Mimi nataka tarehe," alisema. "Sitaki darasa."

Nilijua sababu ya haraka yake. Klabu moja ya Kampala ilikuwa imemsikia Bwambale. Mtu wao angekuja kutazama mechi yetu ya kwanza ya mtoano, na akiridhika, Bwambale angepata chumba, kazi ya ghalani, na nafasi ya kurusha kwenye uwanja wenye majani. Ilikuwa ndiyo nafasi yenyewe. Mama yake alikuwa ameshawaambia majirani, na huko mlimani ukishawaambia majirani, jambo limekwisha kutokea.

Basi tukafanya kazi. Siku za kwanza barafu na bendeji. Kisha kulala chali na kuinua nyonga. Kisha lile zoezi gumu: unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, unajishusha mbele taratibu huku paja likilia. Wiki ya pili alikimbia mstari ulionyooka, kwenye tambarare, bila kuchechemea. Nilijivuna. Nilianza kutunga kichwani mada ya semina.

Siku sita kabla ya mechi nilifika uwanjani, na Bwambale hakuja mbio. Alinisalimu akiwa wima. Mkoba niliuweka chini, akautazama, akaniomba nimpe mkononi.

Nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kusoma miili ya watu. Nilipomwona kijana asiyeweza kuinama, niliona kijana aliyekataa kuinama. Nikasema moyoni: Kampala imeshampanda kichwani. Afande aliona kama mimi.

"Dokita," alinong'ona, "huyu mutoto sasa iko mukubwa kutushinda."

Na mimi, badala ya kumlaza kitandani, nilimpa hotuba. Nilimwambia kiburi ndicho kinachowaangusha wenye vipaji. Nilisema hata tukimpoteza kwa Kampala, tusingependa aende bila adabu ya nyumbani kwao. Alinisikiliza akitazama viatu vyake.

"Nisamehe, muzee," alisema.

Kesho yake alikuja mbio. Aliinama mpaka mikono ikagusa magoti, polepole kidogo, akauokota mkoba kutoka chini, akaupeleka kwenye benchi. Niliona jasho usoni mwake nikasema ni jua. Niliona kwamba alikuwa ameuchukua mkoba kwa kurudisha mguu wa kushoto nyuma, umenyooka, kama mtu anayelikinga paja lisivutike. Niliona, narudia, na kile nilichokiona nilikiita toba.

Afande alikuja na karatasi ya kumruhusu acheze. "Iko sawa ama haiko sawa? Jibu moja."

Nilimgeukia Bwambale, mbele ya Afande, mbele ya timu nzima, nikamuuliza kama anasikia maumivu.

"Niko sawa, muzee. Haina shida."

Nikatia sahihi. Hakuwa amerusha hata mpira mmoja kutoka kilimani tangu aumie.

Mtu wa Kampala alikuja, akaketi kwenye kivuli cha lori la Hajji mmoja aliyetubebea wachezaji. Bwambale alirusha mipira tisa. Wa tisa ulikuwa mzuri kuliko yote. Mwenye gongo aliukosa, watu wakashangilia, na ndani ya kelele ile mimi niliona mguu wa kushoto ukitua juu ya udongo wa kichuguu na mwili ukiendelea mbele bila breki. Alianguka kifudifudi. Msuli ulikuwa umeng'oka kwenye mfupa wa makalio.

Nilipiga magoti kando yake, na kwa sababu nilihitaji mtu wa kumlaumu, nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Muzee, ulisema niko na kiburi," alijibu. "Nikainama."

Mtu wa Kampala alimaliza soda yake, akapunga mkono, akaondoka. Hakuwa na kosa. Afande hakuwahi kunilaumu, na hilo lilinikera, kwani lawama yake ningeweza kubishana nayo. Upasuaji ulichelewa. Bwambale anatembea vizuri siku hizi, ila hawezi kukimbia, na kurusha bila mguu wa kutua ni kutupa tu.

Mwaka huu nimefunga chumba changu. Vidole gumba vimeisha, nawaambia watu, na ni kweli. Kabla sijarudisha funguo nilipanda Kyondo, ambako Bwambale anapima kahawa ya wakulima kwenye ghala la ushirika. Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima. Nilipofika aliweka mkono mezani ili asimame, nikamwahi: niliinama mimi, mikono magotini, mbele ya foleni ya akina mama na magunia yao.

Akina mama walicheka. Mmoja alisema dunia imepinduka, leo muzee ndiye anasalimia mutoto. Yale maneno yangu yote yakapotea.

Bwambale hakucheka. Alikuwa akiutazama mguu wangu.

"Muzee, iyo muguu ya kushoto imekaza. Tangu lini?"

"Haina shida," nilimwambia.

Hakuniuliza tena. Aliweka kalamu chini, akazunguka meza kwa hatua zake za polepole, akashika.