Karatasi Niliyoitupa Mferejini

Enzi zetu dawa haikuwa na sanduku. Ninyi wa rika langu mtanishuhudia. Dawa ilikaa kwenye mkebe mkubwa wa plastiki nyuma ya daktari, na huyo tuliyemwita daktari hakuwa daktari ng'o, alikuwa tu muuza dawa mwenye koti jeupe. Alimwaga vidonge kwenye kisahani, akavihesabu kwa ncha ya kisu butu, viwili viwili, akavitia kwenye kibahasha cha kaki na kuandika pembeni jina la dawa kwa herufi ndogo, na katikati, kubwa, 2 x 3. Basi. Elimu yote ilikuwa hapo. Viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni. Mtoto asiyejua kuandika jina lake alijua kusoma bahasha ya dawa.

Na bahasha haikutupwa, weee! Ikiisha dawa ilichomekwa kwenye paa, juu ya mlango, kwa sababu ndiyo iliyokuwa hati yako. Dawa ikihitajika tena, mtoto anatumwa nayo kemisti: "Mama amesema kama hizi." Hakuna aliyekuuliza umri, wala kadi, wala mgonjwa yuko wapi.

Sisi tulikaa Mboghoni, huko Taveta karibu na mpaka, kule mashamba ya ndizi yanakonyweshwa kwa mifereji. Nikifumba macho bado nasikia harufu ya ndizi iliyoiva ikapitiliza, na udongo uliolowa, na moshi wa kuni mbichi. Nyumba yetu ilikuwa upande huu wa mfereji na ya Mama Mkanyika upande ule, katikati kuna ubao wa kuvukia. Binti yake, Mkanyika, ndiye niliyecheza naye mpira wa kati mpaka magoti yakapauka, na kalongo ya kupikiana udongo, na mchezo wetu tulioupenda kuliko yote, wa kemisti. Tulianika mbegu za papai juu ya bati, zikikauka tunazitia kwenye bahasha kuukuu na kuuziana kwa majani. "Meza na maji mengi, mama, na usile pilipili." Watoto wa leo ukiwapa mbegu za papai watakuuliza ziko na chaji ngapi.

Mama alikuwa na kifua. Leo wanasema pumu, sisi tulisema kifua, na kila mtu alielewa. Kilimjia hasa majira ya vumbi. Usiniulize kama nilikuwa mtoto mwenye furaha. Nilikuwa na furaha, lakini sikio langu moja lilikuwa siku zote kwenye pumzi ya mama. Nikiwa katikati ya mchezo nilikuwa nasimama kusikiliza kama kile kifirimbi kimeanza. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, huko Mwatate, na alikuja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kifua kikibana, nyumbani tulikuwa mama na mimi, na bahasha.

Sasa, ninyi mliokulia Taveta mnajua: dawa zetu zilikuwa za nchi mbili. Za kwetu zilikuwa kemisti ya mjini, na za Tanzania zilikuwa ng'ambo, Holili, mwendo wa mguu tu. Kule hawakusema kemisti, walisema duka la dawa. Na muuzaji wa kule hakuandika 2 x 3. Aliandika maneno kamili, kwa mwandiko wa mwalimu: kidonge kimoja, kutwa mara tatu, baada ya chakula. Watu wazima walivuka na kurudi kama wanaokwenda kuazima chumvi. Lakini mama alinikataza kabisa. Njia za panya zilikuwa na askari, na zaidi ya hapo alikuwa na imani yake. "Dawa ya nchi nyingine haiujui mwili wako," alikuwa akisema. "Siku nitakayosikia umevuka mpaka, mgongo wako utakuwa ngoma." Na mama hakuwa mtu wa kutisha bure. Mgongo wangu ulilijua hilo.

Nilikuwa na miaka tisa siku hiyo, na ilikuwa Jumamosi ya soko. Mama aliamka anavuta pumzi kwa mabega. Akanipa bahasha na hela, akaninyooshea kidole mlangoni, kwa sababu kusema hakuweza. Nikakimbia. Kufika mjini, kemisti imefungwa, kufuli kubwa, na mwanamke muuza nyanya aliyekuwa karibu ananiambia mwenyewe kaenda mazikoni Wundanyi, hatarudi leo.

Nilisimama pale mbele ya kufuli. Ningerudi mikono mitupu, mama angekufa. Ningevuka, mama angenichapa. Nilichagua kiboko. Nikajibanza kwenye kundi la akina mama waliokuwa wanarudi Holili na vikapu vyao, nikapita nao migombani kama mtoto wa mmoja wao.

Mwenye duka la dawa alikuwa mzee mpole mwenye miwani. Akaisoma bahasha, akaenda nyuma, akarudi na vidonge vyeupe, vidogo, ndugu moja na vya kwetu.

"Mwanangu, nisikilize vizuri," akasema. "Dawa ni ile ile, ila hizi zina nguvu mara mbili. Mama ameze moja moja. Akimeza mbili moyo utamwenda mbio. Umenielewa?"

"Ndiyo, shikamoo," nikajibu, kwa hofu nikachanganya mambo. Akacheka. Akaandika maneno yake kwenye karatasi nyeupe, akafungia vidonge humo. "Ukifika umpe karatasi mkononi."

Njiani nilianza kuogopa kitu kingine. Mama akiiona ile karatasi, yenye maneno kamili, atajua nimetoka wapi. Nilipofika kwenye mfereji wetu nilichuchumaa juu ya ubao, nikamimina vidonge kwenye bahasha ya kaki ya siku zote, ile iliyoandikwa 2 x 3, na karatasi nikaitupa majini. Niliitazama ikizunguka, ikakwama kidogo kwenye jani la mgomba, kisha ikaenda. Nilijiambia nitamwambia mama kwa mdomo, kwamba daktari wetu amesema leo ni moja moja. Njia nzima ya shambani nilikariri huo uongo.

Sikupata nafasi. Mama aliipokonya bahasha, akamwaga viwili kiganjani, akameza kabla sijafungua mdomo. Kisha kifua kikafunguka, akapumua, akanitabasamia na kusema, "Mwanangu, umeniokoa." Jamani, ningesema nini baada ya hapo?

Saa tano Mama Mkanyika akavuka ubao na kibuyu cha uji, kama alivyofanya kila mara mama akiugua. Wakacheka pamoja, mama akanywa vikombe viwili. Saa nane mama akaitazama bahasha, akameza vingine viwili. Mimi nilikuwa namwangalia. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake.

Kikombe ndicho kilichoanza kulia. Mkono wa mama ulitetemeka mpaka kikombe cha bati kikagonga meza, ko-ko-ko-ko. Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, na wa kushoto nao ukawa unatetemeka. Niliona mshipa wa shingo yake ukiruka. Akajilaza kwenye mkeka akasema moyo unataka kutoka. Niliogopa hivi kwamba nilijikojolea, mtoto wa darasa la tatu, na sikuona hata aibu. Nilipiga mayowe, majirani wakaja mbio, na wa kwanza kufika alikuwa Mama Mkanyika mwenyewe.

Mama akamwona. Akainua kile kidole kinachotetemeka.

"Umenilisha nini?" akamwuliza mbele ya watu wote.

Mama Mkanyika akadhani ni homa. "Mama Wughanga, ni mimi."

"Najua ni wewe. Umenilisha nini kwenye uji?"

Wughanga ni mimi. Na Wughanga alisimama mlangoni na gauni lililolowa, anajua jibu, amenyamaza. Watu walipokuwa wanamtazama Mama Mkanyika, niliichukua bahasha, nikaenda nayo chooni, nikamwaga vidonge vilivyobaki shimoni. Jioni nilisema dawa imeisha. Mama hakumeza zaidi, kulipopambazuka alikuwa mzima, na kwake huo ukawa ushahidi: uji umetoka mwilini, ubaya umetoka.

Siku ya tatu ubao wa mferejini uliondolewa. Mama aliung'oa kwa mikono yake. "Cha mkono wake sitakula tena mpaka nife," akasema, na mimi nikakatazwa hata kumwita Mkanyika kwa jina. Neno halina miguu lakini lilifika mpaka sokoni. Wanawake waliacha kununua ndizi za Mama Mkanyika, mmoja mmoja, bila kelele. Wakati wa kuteka maji walimngoja amalize kwanza. Mkanyika alinitazama darasani mwaka mzima, ananingoja niseme kitu, mpaka akachoka kuningoja. Mbegu zetu za papai zilioza juu ya bati.

Nilikua, nikaolewa Voi, na Voi nimezeekea. Nilidhani hofu ile niliiacha mferejini.

Binti yangu, Wakesho, anafanya kazi hotelini huko Ujerumani. Kifua cha nyanya yake kiliniruka mimi kikamkalia yeye. Siku zote huwa tunacheka kuhusu maduka ya kule. Ananiambia pampu ya kifua huuziwi bila karatasi ya daktari, na daktari humwoni bila miadi, na hata dawa ya kichwa haiuzwi ila kwenye duka la dawa, na Jumapili maduka ya dawa karibu yote yamefungwa. Mimi humcheka. Hapa Voi dawa ya kichwa naipata kibandani, katikati ya sabuni na kiberiti, na kijana ananiongezea peremende kwa sababu hana chenji. "Nchi gani hiyo ya kuomba ruhusa ya kuumwa?" huwa namwuliza.

Jumapili moja, nimetoka kanisani naanua nguo, akanipigia simu ya video. Nilimsikia kabla sijamwona: kile kifirimbi. Pampu imeisha, kumefungwa, na miadi yake ni Alhamisi.

"Lakini usijipe presha, mami," akasema. "Kuna msichana wa Nairobi tunaishi naye, alikuja na vidonge vya kifua kutoka huko nyumbani. Ni zile zile nyeupe. Nameza mbili tu, nalala."

"Viko kwenye nini?"

"Si kakaratasi ka nailoni. Kwani?"

"Vimeandikwa nini?"

"Mami, havijaandikwa. Ni dawa tu!"

Nguo zilinidondoka kwenye vumbi. Nilisikia kikombe cha bati, naapa, ko-ko-ko-ko, pale uani kwangu mchana kweupe. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. "Wakesho, viweke chini! Viweke chini nione!" Akaviweka, macho yamemtoka. Nikamwambia apige simu kwa daktari wa zamu, kwani hata Wajerumani wanaumwa Jumapili. Akalalamika, akapiga. Wakamwita, wakamwekea mvuke, wakamwandikia karatasi, wakamwelekeza duka moja lililokuwa zamu. Kwa muda wa saa tatu nilikaa kwenye ngazi bila kula. Aliponipigia tena anapumua vizuri, nililia kama mtoto.

"Mami, mbona ulipiga kelele vile?"

Basi nikamwambia. Mtu wa kwanza duniani. Nilimwambia yote, mpaka lile gauni lililolowa. Kisha akauliza swali moja tu.

"Nyanya anajua?"

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Mboghoni. Kila mwezi humpelekea mama dawa zake za presha kutoka Voi, kwa maana amekataa katakata mtu mwingine azinunue. Siku hizi zinakuja kwenye sanduku, na ndani ya sanduku kuna karatasi iliyokunjwa mara nane, na hakuna anayeisoma. Enzi zetu tulikuwa na mtu mmoja mwenye miwani, aliyekuinamia na kukuuliza kama umemwelewa. Mlango wake ulikuwa wazi kwa mtoto yeyote wa nchi yoyote, na nilikuwa nauona huo uwazi kuwa utamu wa maisha ya zamani. Sasa nauogopa. Nayafikiria yale maduka ya Ujerumani yaliyofungwa Jumapili, na sicheki tena.

Mama alikuwa amekaa barazani, macho yamefifia, mikono inatetemeka kidogo kwa uzee. Ng'ambo ya mfereji Mama Mkanyika alikuwa anaanika mahindi, mgongo umepinda, peke yake. Miaka yote hii wamezeeka wanatazamana, na ubao haujarudi. Nilimmiminia mama maji, nikampa kidonge. Akakipokea bila kukiangalia.

"Huangalii unachomeza, mama?"

"Niangalie cha nini? Wewe ukinipa sina haja ya kuangalia," akasema. "Tangu ukiwa na miaka tisa, dawa yangu ni mkono wako. Wengine nimewaona."

Na kwa kidevu chake akaonyesha ng'ambo, kule kwenye mahindi.

Akainua mkono kwenda mdomoni. Niliukamata mkono wake hewani.

"Ngoja, mama," nikasema. "Usimeze kwanza. Kuna karatasi sikukupa."