Mbiu ya Jembe Siku ya Kumchagua Jumbe

Siku yangu ya kwanza kazini nilitoa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Jumbe wetu wa Ifakara, yule wa kabla ya vita, alinikabidhi pembe ya palahala mbele ya watu, nami nikajaza hewa mashavuni, nikapuliza kwa nguvu zangu zote, na kilichotoka kiliwafanya akina mama wakae chini kwa kicheko. Jumbe hakucheka. Aliniambia, "Kijana, pembe haitaki ubishi. Jua kwanza unachotaka kusema, ndipo upulize." Niliona ananizungusha tu. Msimu mzima ulipita kabla sijamwelewa.

Nawaeleza haya kwa sababu ninyi vijana wa chama mlinijia juzi na kadi zenu mfukoni, mkaniamkia vizuri, kisha mkaniuliza, "Babu, unaonaje, uchaguzi huu wa rais tutashinda?" Mlitaka neno moja mwondoke. Mimi nimekuwa mpiga mbiu tangu enzi za Mjerumani, na mpiga mbiu hana ugonjwa wa kusema neno moja. Jibu lenu ninalo, lakini litapitia kwenye kazi yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mpiga mbiu ni mdomo wa jumbe. Pembe yetu haipulizwi nchani kama filimbi, ina tundu ubavuni, unaligusisha midomo iliyobanwa. Ukishatoa mlio wa kwanza unanyamaza, watu waache waliyokuwa wakiyafanya, ndipo unaendelea. Kule kunyamaza tulikuita kituo, na asiyejua kituo huyo ni mpiga kelele tu, hata kama ana mapafu ya kiboko. Mbiu ya mgambo ilikatwa vipande vifupi, vikali: amri imetoka, njooni sasa hivi. Mbiu ya msiba ilikuwa mlio mmoja mrefu unaoshuka. Halafu kulikuwa na mbiu ya jembe, niliyoipenda kuliko zote. Hiyo iliyumba polepole, ikapanda, ikashuka, ikisema kuna mwenzetu shamba limemwelemea, beba jembe lako twende tukamsaidie.

Kisha akaja Akida. Alikuwa mtu wa pwani, kanzu yake safi hata wakati wa matope, na Wajerumani walimweka juu ya majumbe wote wa upande wetu. Kuanzia hapo pembe yangu ilisahau msiba na jembe. Kila asubuhi ilikuwa mgambo: watu wakalime pamba ya serikali, watu wakabebe mizigo, watu wakachonge barabara. Mashamba yao yakamezwa na majani huku wakilima ya mwingine. Na ilipokuja habari ya dawa ya maji, kwamba risasi ya Mzungu itageuka maji, ilikuwa ni pembe hiyo hiyo na mgambo huo huo uliowaita watu wakanywe, safari hii kwa amri ya jumbe wangu. Walikuja. Mnajua wenyewe yaliyofuata, maana hakuna nyumba ya bonde hili isiyokuwa na mtu aliyeanguka.

Vita vilipozimwa, maghala yalichomwa. Jumbe wangu alipelekwa boma la Mahenge na hakurudi. Waliobaki walivuka mto Kilombero wakajificha kwenye visiwa vya matetini, na baba na mama yangu walikuwa miongoni mwao. Baba alifia huko kwa njaa. Tulimzika kisiwani, bila matanga, bila hata mtu wa kusema neno juu yake. Mafuriko ya msimu ule yakapanda, na yaliposhuka hatukuliona kaburi wala mahali lilipokuwa. Nililia kama mtoto, na sioni haya kuwaambia.

Akida alinirudisha kazini kwa sababu alihitaji mpiga mbiu. Nilipopata mwanya nilivuka kumwona mama. Nilimkuta akimenya vitunguu vya yungiyungi, yale maua ya majini, ndicho chakula walichokuwa nacho.

"Mama, rudi nyumbani," nilimwambia. "Vita vimekwisha."

"Nani kasema?"

"Akida."

"Basi havijakwisha." Aliendelea kumenya. "Wanasema jumbe mpya atakuwa yule Shemeji yake. Mtu aliyekuwa akiwaonyesha askari maghala yetu. Nikalime mpunga, halafu awaonyeshe tena?"

"Mvua ziko karibu, mama. Mafuriko yakija yatakukuta hapa."

"Yalimkuta baba yako," alisema, akachukua kitunguu kingine.

Nilirudi nikipiga kasia huku moyo umenishuka. Sikuomba makubwa. Niliomba mama yangu asife matetini akazikwa mahali ambapo maji yatakuja kumchukua. Lakini hilo lilitegemea nani atakaa kwenye kiti cha jumbe.

Sasa hapo ndipo ilipozuka siasa, msidhani ninyi ndio mlioileta. Bwana Mkubwa wa boma alichoka na majumbe wasiosikilizwa. Boma lenyewe lilikuwa na njaa, askari wake walikuwa wakila uji mwembamba kama sisi, na hakuna aliyekuwa analima. Akatuma habari kwamba safari hii watu wa Ifakara wenyewe waonyeshe wanamtaka nani, naye atakuja kushuhudia. Wazee wachache waliokuwa wamesharudi wakamtaja Mzee Matimbwa, fundi wa mitumbwi, ambaye wakati wa vita alivusha watoto wa watu mpaka matumbo ya mitumbwi yakaanza kuoza. Akida akamtaja Shemeji yake. Tukawa na pande mbili.

Mkiniuliza upande gani ulikuwa na nafasi, ningesema kama mnavyosema leo kwenye vibaraza vya kahawa. Shemeji alikuwa na Akida, alikuwa na matarishi, alikuwa na wapishi wa askari na wote waliojenga karibu na baraza wakila makombo ya pale. Matimbwa alikuwa na watu wote waliosalia. Ila watu wote waliosalia walikuwa matetini. Watu walikuwa wake, lakini hawakuwepo, na asiyekuwepo hahesabiwi.

Akida hakuwa mjinga. Mitumbwi iliyokuwa huku Ifakara aliifungia, ati ya kumvusha Bwana Mkubwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kwenda kuwapasha habari walioko ng'ambo. Kisha akaniita barazani.

"Bwana Mkubwa ameshalala Lupiro, kesho asubuhi yuko hapa," alisema. "Akianza kuvuka, piga mbiu. Asije akasema watu hawakuitwa."

"Ndiyo, Bwana Akida."

Akatabasamu. Nilijua anatabasamia nini. Tangu vita, mgambo ukilia tu, watu wa matetini walikuwa wanazidi kujichimbia ndani. Ningeupiga, na baraza lingejaa wapishi. Shemeji angekuwa jumbe kabla jua halijawa kali, na mama yangu angesubiri mafuriko pale pale.

Asubuhi nilisimama ukingoni na pembe mkononi. Mtumbwi wa Bwana Mkubwa ulipoonekana nikabana midomo. Nikakumbuka maneno ya jumbe wangu wa zamani, nijue kwanza ninachotaka kusema. Nilitaka kusema njooni nyumbani. Pembe haina maneno hayo, lakini kuna mlio mmoja uliokuwa karibu nayo, na watu hawakuwa wameusikia tangu kabla ya vita. Nikapiga mbiu ya jembe. Nikaweka kituo. Nikapiga tena.

Kwa muda hakukutokea kitu. Halafu matete yakaanza kutikisika, huku na huku, mitumbwi iliyofichwa ikaanza kutoka, na ndani yake walijaa wanaume, wanawake na wazee waliokonda hadi mbavu zikahesabika. Ndipo nilipogundua jambo ambalo sikulifikiria hata kidogo. Mimi nilitaka waje tu. Wao walikuwa wameitwa kwa mbiu ya jembe, na walifanya kama ilivyo desturi yetu: kila mmoja alikuja na jembe lake begani.

Askari waliona umati unapanda ukingo na vyuma begani. Bunduki zikakokwa. Akida akanikamata shati.

"Umeita watu na silaha?"

"Bwana Akida, uliniambia nipige mbiu. Hukuniambia ipi."

"Nitakufunga!"

Nilikuwa nimemwona mama yangu mbele kabisa, jembe begani, bunduki zimemwelekea. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee Matimbwa ndiye aliyetembea mikono mitupu akasimama katikati ya watu na bunduki.

Bwana Mkubwa aliuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Watu hawa wataka nini?"

"Wanataka kulima, Bwana," alisema Matimbwa. "Wamesikia kuna shamba."

Yule Mzungu aliwatazama watu, akayatazama majembe, na nafikiri alikuwa akilifikiria tumbo la boma lake. Kisha akaashiria bunduki zishushwe. Akasema, "Vema. Kila mtu aweka jembe yake chini, nyuma ya jumbe anayetaka yeye. Mimi nahesabu majembe."

Akida akaruka. "Bwana Mkubwa, humo mna wanawake. Wanawake hawamo katika shauri hili."

"Jembe halina ndevu, Bwana Akida," alisema Matimbwa, na hata askari mmoja akaangua kicheko.

Majembe yakaanza kulia, chuma juu ya chuma, nyuma ya Matimbwa. Upande wa Shemeji walikuwa wamesimama mikono mitupu, kwa maana wao walijua wanakuja barazani, na nani huenda barazani na jembe? Mpishi mmoja wa askari alikimbia jikoni akarudi anahema na upawa. Bwana Mkubwa akautazama ule upawa, akamtazama mpishi, akacheka mpaka akatoa miwani. Shauri likaishia hapo.

Sikufungwa. Akida alininunia mwezi mzima, kisha siku moja akasema, "Wewe una kichwa kibaya," akanipa tumbaku. Jumbe Matimbwa hakuwa malaika, kodi ililipwa na mizigo ilibebwa, lakini kila alipopelekewa amri ya kuita watu msimu wa kupanda alikwenda kwa Akida kubishana, na mara nyingine alishinda. Nilimtumikia mpaka Mjerumani alipoondoka. Mwingereza akaja, nikahamishiwa Malinyi kuita watu kwenye baraza la huko, nikarudishwa Ifakara kuwa tarishi wa mahakama, pembe bado mkononi. Nilistaafu meno ya mbele yaliponitoka, maana pembe bila meno ni kutema mate tu. Wajukuu zangu wamenicheka sana kwa hilo.

Sasa jibu lenu. Mtashinda. Nimezunguka mtaa wa Viwanja Sitini na masokoni, nimesikia watu wanavyosema jina la mgombea wenu, wanalisema kama jina la mtu wa nyumbani. Watu ni wenu, sina shaka. Ila juzi lilipita gari lenu la kipaza sauti, na kijana aliyekuwa ndani akawa anabweka kwamba asiyekwenda kupiga kura atakiona cha mtema kuni. Nani kamfundisha mbiu ya mgambo? Mnataka kuanza nchi yenu kwa mlio uliowakimbiza baba zenu? Mwambieni ashuke. Mpeni mtu mwingine anayejua kusema njooni, kuna kazi yetu wote. Watakuja kabla hamjamaliza sentensi, na mimi nitakuwa kwenye foleni, kwa mara ya kwanza nikiwa ninayeitwa.

Na mkitaka kujua uchaguzi unafaa nini, msiniulize nani alikaa kwenye kiti. Siku ile mama yangu hakurudi matetini. Aliliokota jembe lake kutoka kwenye lundo akaenda moja kwa moja kwenye shamba letu lililokuwa limemezwa na majani, akaanza kufyeka, nami nikamfuata. Nilimuuliza, "Ulijuaje ni salama kuja?" Akasema, "Niliposikia mlio nikajua kuna mtu anataka kulima. Mtu hawezi kulima na kupigana." Aliishi mpaka akawabeba wanangu. Alipofariki tulikaa matanga, majirani wote wakaja, na tukamzika nyuma ya nyumba, juu, mahali ambapo maji hayafiki.