Elfu Mbili na Salamu

Jamani, aibu hii mie sikuwa na nia ya kuisimulia, lakini kwa kuwa Mtongani nzima inaisimulia na kila mtu anaongeza chumvi yake (juzi nimesikia eti nilizimia, na sikuzimia, niliinama tu kushika upande mmoja wa friza), bora niiseme mwenyewe kama ilivyokuwa.

Mnajua mie nauzaga vitu vilivyotumika kwenye mnada wa simuni, masufuria, feni, makochi ya watu wanaohama, na mambo yalikuwa mazuri mpaka wenye mnada walipopandisha ada yao ikawa kumi kwa mia. Kumi! Hawajabeba kitu, hawajafuta vumbi, hawajaulizwa "bei ya mwisho?" na mtu ambaye hata kununua hanunui, halafu wanakata kumi. Nikaapa hawaipati. Kila nikipata msikilizaji namwambia kwamba Mwenyezi Mungu mwenye mali zote, kwenye zaka hachukui hata tatu kwa mia, sasa hawa wamejiona nani? (Hoja hii niliipenda sana, nilikuwa naitoa hata msibani.)

Basi nikabuni ujanja. Ada inakatwa kwenye bei inayoonekana mnadani, kwa hiyo mnadani naweka bei ya kitoto, na inayobaki mteja ananilipa mkononi. Hiyo inayobaki tukaipa jina, "salamu". Nikiandika "feni, elfu moja na salamu", wateja wangu wa siku zote wanajua wanipigie niwatajie salamu ni shilingi ngapi. Feni zikauzika, makochi yakauzika, na mie nikaanza kutembea kifua mbele.

Hapo ndipo aliponiita mama mkwe wangu, Bi Zainabu. Huyu mama amesimama kwenye mnada wa samaki pale Kunduchi tangu mume wangu yuko mgongoni, na sasa miguu imemkatalia. Alitaka auze friza lake kubwa la samaki, pesa yake iwe mtaji wa vitenge, biashara ya kukaa. Na akaamua nimuuzie mie. Hamjui uzito wa jambo hili: tangu niolewe, mama huyu hajawahi kunituma hata chumvi bila kumtuma mtu mwingine akahakikishe kama nimenunua chumvi kweli. Furaha ikanipanda, nikamwambia, "Mama, kwako nauza bure, na haitakatwa hata senti moja."

Mteja nilikuwa naye tayari, Bwana Nassoro mwenye duka la jumla barabarani, ameshakubali laki sita. (Najua mnachotaka kuuliza, kwa nini nisimpelekee tu friza dukani kwake bila kupita mnadani? Nilitaka nyota. Kila ukiuza mnadani unaongezewa nyota, watu wanakuamini. Nyota zao nilizitaka, ada yao ndiyo sikuitaka.) Nikaliweka friza kwa elfu mbili na salamu, kwa kile kitufe cha anayewahi ndiye anayechukua, huku Bwana Nassoro nimempigia kwa simu ya mume wangu.

"Bwana Nassoro, bonyeza sasa hivi!"

"Ngoja bibie, natafuta miwani."

"Wewe bonyeza tu!"

"Nitabonyezaje kitu nisichokiona?"

Mara nikaona kwenye simu yangu pameandikwa LIMECHUKULIWA. Nikapiga kigelegele, nikamwambia hongera, nikakata simu, nikamkimbilia mama kumpa habari. Sikuangalia jina la aliyechukua. Jamani, sikuangalia jina.

Kesho yake mama mkwe akawaita wenzake wa mnada wa samaki, Bi Tatu na wengine, waje walione friza likiondoka. Wakajipanga barazani na kanga zao nzuri, friza katikati limesuguliwa kwa ndimu mpaka harufu ya samaki imepungua, na mie napitisha juisi ya ukwaju huku nikiwaeleza kwamba mkwe wao amewashinda wenye mnada akili. Ikaja kirikuu, kile kigari cha mizigo, akashuka dada mmoja wa watu, amevaa gauni la kanisani, mkungu wa ndizi mkononi. Nikadhani ametumwa na Bwana Nassoro.

"Shikamooni mama zangu," akasema, amepiga goti kabisa. "Naitwa Anjela, nimetoka Goba. Mama yangu anawasalimu sana. Baba naye anawasalimu, anasema angekuja ila mgongo. Dada yangu wa Morogoro anawasalimu, na shangazi..."

"Tumezipokea, mwanangu," akasema mama mkwe, amefurahi. "Umelelewa."

"Asante mama. Basi na elfu mbili yenu hii hapa."

"Elfu mbili ya nini?"

"Ya friza. Tangazo limesema elfu mbili na salamu. Nikamwambia mama, watu wa pwani bwana, wanatoa mali zao kwa salamu tu! Ndiyo nikawakusanyia za ukoo mzima."

Baraza lote likanigeukia mie. Nikasema, "Sista, salamu zenyewe siyo hizo," akauliza kwa adabu, "Kumbe ni zipi, dada? Kama kuna niliyemsahau nimpigie." Ikabidi nieleze. Mbele ya wale mama wote, birika la juisi mkononi, ikabidi nieleze kwamba salamu ni laki tano na tisini na nane elfu, na kwamba ni siri, na ni siri kwa sababu gani, na kila nilipoeleza nilisikia mwenyewe jinsi ninavyofanana na mwizi. Bi Tatu alicheka mpaka akamwaga juisi. Mama mkwe hakucheka.

"Kwa hiyo mali yangu uliitangaza elfu mbili?"

"Ndiyo mama, lakini..."

"Kwa mdomo wako?"

"Kwa kidole, mama."

Anjela maskini akaanza kurudi nyuma, "Mama, kama kuna makosa mie naacha, wala sitaki ugomvi." Lakini mama mkwe alishawatazama wenzake, wale aliosimama nao pwani miaka yote, na pale pwani mtu akinadi halafu akairudisha bei, hakuna anayemsikiliza tena. "Mie sijawahi kurudisha mnada," akasema, nikatamani ardhi inimeze na birika langu. "Pakieni. Na wewe mkwe, shika upande ule."

Nikashika. Kirikuu ilipopotea kwenye kona ndipo Bwana Nassoro akapiga. "Bibie, miwani nimeipata! Nabonyeza wapi?"

Nililia, sisemi uongo. Siyo kwa laki sita peke yake, ni kwa vile alfajiri yake nilimwona mama mkwe anafunga kanga kiunoni kurudi kusimama pwani na miguu ile ile. Nikajiambia, Mwanaidi, friza hili utalilipa wewe. Nikauza televisheni yangu, nikauza kabati langu, kila kimoja kwa bei yake yote mnadani, ada ikakatwa na mie nikang'ata meno. Vyangu vilipokwisha nikaanza kuwauzia majirani. Mama Rehema wa nyumba ya pili akaleta cherehani, akauliza nakata ngapi.

"Kumi kwa mia," nikasema.

"Kumi! Kwa kupiga picha tu?"

Nikampandishia sauti. Picha tu? Na kuisafisha? Na kujibu wapuuzi mchana kutwa? Nilisema mpaka povu likanitoka, na ndani kule nikamsikia mama mkwe anacheka, mara ya kwanza tangu friza liondoke.

Nimeapa, na nasema mbele yenu: bei naiandika yote, ada nailipa yote, na kwa kuwa bado naiona kubwa nawaandikia wenye mnada kwa jina langu kamili kwamba haki ni tano kwa mia. Hawajajibu. Nitawaandikia mpaka wachoke.

Laki sita zilitimia, mama mkwe akafungua vitenge vyake, anauza amekaa. Juzi akaja na doti kadhaa mkononi.

"Niuzie hizi simuni kwako. Unakata ngapi?"

"Mama, kwako bure."

"Bure yako naijua bei yake. Taja."

"Kumi kwa mia."

"Kumi? Mie mama mkwe wako?"

"Ndiyo maana sikusema kumi na mbili."

Akaniwekea vitenge mapajani, vyote, na hakumtuma mtu kuja kuhakikisha.