Mama Aliyeondoa Kamba

Habari ilinifikia Jumanne, sokoni hapa Rumonge kando ya ziwa, nikichagua ndagala. Muuzaji aliacha kupima, akaniambia kwamba yule mama wa kule juu kwenye michikichi hatunaye tena. Homa ya siku nne tu. Nikaondoka na kusahau samaki wangu mezani. Wasomaji mmenizoea nikilalamikia barabara na wakubwa wa mtaa, lakini leo mnivumilie. Marehemu hakuwa ndugu yangu, wala hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Alikuwa amenitunzia ng'ombe, na sababu ya kumtunza inanitia aibu mpaka leo.

Ng'ombe huyo, Bihogo, alikuwa zawadi ya baba mkwe wangu wa Bugarama. Kwetu ng'ombe wa namna hiyo hapelekwi kwa mchinjaji hivi hivi. Ukifanya hivyo umemwambia aliyekupa kwamba undugu umekwisha. Kwa kuogopa wezi, kila jioni nilimfunga kwa mafundo mawili, na nilijisifu kwamba hakuna mkono utakaoyafungua. Ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba zetu za chini, tulikimbia na watoto, yeye akabaki zizini. Asubuhi tulimkuta maji yamemfika shingoni na kamba imemchuna ngozi. Tuliikata, akatoka mzima, tukamshukuru Mungu. Lakini hakuwa Bihogo yule. Mvua ikigonga mabati anatetemeka mwili mzima, maziwa yakakauka, na kila nikimkaribia anarusha mateke na kujikojolea. Majirani walisema ana pepo. Mimi nilisema ni mkaidi, nikampiga. Mchinjaji akaanza kupita nyumbani kutusalimia, na mke wangu akaacha kuzungumza nami, kwa sababu aliiona fedheha inayomwendea baba yake.

Yule mama alikuwa amerudi kutoka Tanzania baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Alikuja kutuuzia mawese, akamwona Bihogo, akaomba akae naye. Alimwongoza mpaka kwake kwa majani ya viazi mkononi, hatua kwa hatua, na safari ya nusu saa ikawachukua karibu siku nzima. Wiki mbili baadaye nilikwenda kutazama, nikakuta nguo zake zimeanikwa juu ya vichaka. Nikamtania kwamba huko kambini hawakumfundisha kuanika. Hakucheka. Alinieleza kwamba ameondoa kamba zote uani, hata ya nguo, kwa kuwa mnyama akiona kamba anarudi mle majini. Kila mchana aliketi kwenye kigoda na kumpa mgongo, akichambua maharage, bila kumwita wala kumgusa. Nikamshauri amzoeshe maji kwanza, maana ndiyo yaliyomtisha. Akanijibu bila kugeuka.

"Ngombe haiogope maji, baba. Iko inakuogopa weye."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilirudi nyumbani na sikumwambia mtu.

Ilichukua misimu miwili ya mvua. Bihogo alianza kula mbele yake, kisha kumlamba mkono, kisha akashika mimba akazaa. Ndama nilimpeleka Bugarama kwa baba mkwe, kama inavyotakiwa, na mke wangu akacheka tena. Lakini siku nilipopanda kumshukuru yule mama, Bihogo alinusa harufu yangu akajibanza nyuma yake. Nikasema kwa uchungu kwamba kumbe bado hajapona.

"Imepona," alisema. "Kusahau ndiyo haijasahau. Mie nilirudi zamani, na mpaka leo mulango yangu sifungake muchana."

Kweli, mlango wake ulikuwa wazi siku zote, hata mvua ikiingia mpaka kitandani, na mimi nilidhani ni uzembe. Hapa pwani yetu, kuanzia Muhuta mpaka Nyanza-Lac, tuna haraka sana na maumivu ya wenzetu. Aliyerudi kutoka ukimbizini tunamwambia ashukuru amefika. Aliyemezewa nyumba na ziwa tunamwambia ashukuru anapumua. Kisha akitetemeka tunaudhika, kana kwamba ametunyima maziwa.

Tulimzika Alhamisi. Binti zake walioolewa Nyanza-Lac walifunga nyumba, wakaniomba nimchukue ng'ombe wangu. Bihogo amesimama mbele ya mlango ule uliofungwa na majani hayagusi. Wako wanaonishauri nimfunge kamba nimburute nyumbani kabla hajafa na njaa. Ninaogopa kwamba atakufa, na ninajua kwamba kamba ndiyo itakayommaliza. Basi nimeomba ufunguo. Kila mchana napanda, naufungua mlango wazi kabisa, naketi kwenye kigoda cha marehemu na kumpa Bihogo mgongo. Maharage nayachambua vibaya. Nimejifunza, kwa kuchelewa, kwamba aliyeumiza hapangi siku ya kuaminiwa. Kazi yake ni kuweka kamba mbali na kukaa pale, hata kama siku hiyo haitafika. Jana nilisikia pumzi ya moto karibu na bega langu. Kisha kwato zikarudi nyuma, taratibu. Sikugeuka.