Mama Nyufa Akosolewa

Chuoni walimwita Mama Nyufa, na jina hilo alilipata kwa jasho. Kazi yake ilikuwa kuvunja vitu ili ajue vimevunjikaje. Vyuma, vioo, vigae, plastiki: chochote kilichoingia maabara yake kilitoka vipande. Nyumbani mumewe alishampiga marufuku kugusa vikombe.

Sifa zake zilitokana na aluminiamu. Alipokuwa bado kijana alieleza kwamba ile ya kutengenezea fremu za baiskeli huanza kupasuka kwa nje, kwenye mikwaruzo midogo. Maelezo hayo yakampa uprofesa, ofisi yenye dirisha, na majivuno ya kuwatosha watu wawili. Hata hivyo alimwambia kila mwanafunzi mpya asimwamini mtu, hata mwalimu wake. Wote waliitikia kwa kichwa, na hakuna aliyethubutu.

Kisha akaja binti mmoja mpole, mwanafunzi wa uzamivu, aliyeyachukua maneno hayo kama yalivyo. Alivuta vipande vya aluminiamu kwenye mashine mpaka vikakatika, akavitazama kwa hadubini, akaona ufa umeanzia ndani kabisa, kwenye kitundu kisichoonekana kwa macho. Akavuta vingine. Mambo yakawa yaleyale. Binti akaenda kwa Mama Nyufa, akasingizia kwamba mashine imeharibika.

Mashine mbovu ni kitu ambacho Mama Nyufa hakukivumilia. Alipanda juu ya kigoda na bisibisi yake, akaifungua, akaifunga, akaikuta nzima. Basi akavunja vipande mwenyewe na kuinamia hadubini. Hakuinua kichwa, hata binti akadhani amesinzia.

"Mbona ulinificha?" aliuliza hatimaye.

"Niliogopa, Profesa."

"Uliogopa kwamba umekosea?"

"Hapana. Niliogopa kwamba sijakosea."

Mama Nyufa alirudi nyumbani amenuna. Alimgombeza mumewe kwa sababu ya chai isiyokuwa na kosa lolote. Mumewe akasikiliza kisa chote, halafu akauliza tu ni nani aliyemfundisha huyo binti kutazama. Swali hilo lilimuuma kuliko ufa wenyewe.

Siku ya mkutano wa wataalamu alimsukuma binti jukwaani, yeye mwenyewe akaketi mstari wa mbele, akiwakodolea macho wazee wenzake waliotaka kumkatiza. Mkuu wa kitivo, hasimu wake wa siku nyingi, aliinama akamnong'oneza, uso umemchanua, akitaka kujua anajisikiaje.

"Kama mtu aliyechanikiwa na suruali mbele ya wakwe," alijibu. "Ila aliyeichana nimemfundisha mimi."

Alipostaafu, maabara ikawa ya binti. Mama Nyufa bado hufika asubuhi, eti kusalimia tu. Akikutwa kwenye mashine bila miwani ya kinga, hupewa shikamoo kwanza, kisha hutolewa nje.